Nyumba ya wenye kufa: tuipime kwa kipimo gani?

Swali hili hufika kwa padri au kwa katekista mbele ya kufika pengine popote. Mgonjwa amerudishwa nyumbani toka hospitali, na waganga wamesema kwamba dawa ya kumponya haipo tena. Jamaa wamesikia kwamba pahali fulani kuna masista wanaopokea watu wa namna hiyo, ao wauguzi wanaozunguka mtaani kuwatazama kwao. Basi wanakuja: "Padri, nyumba ile ni nzuri? Tumpeleke baba kule?" Na sisi, mara nyingi, twajibu upesi: "Ni nzuri, ni ya masista." Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Wao wameuliza habari ya nyumba, nasi tumewajibu habari ya mwenye nyumba.

Mbele ya kutafuta jibu lingine, inafaa kutazama namna gani wakubwa wetu katika imani walivyolijibu. Maana Eklezya imekuwa na nyumba za wagonjwa tangu zamani sana, na habari hiyo yajulikana kwa kila mseminari. Jambo lisilojulikana sana ni hili: karibu kila wakati alitokea mtu aliyeingia katika nyumba hizo na macho wazi, akajiuliza ni kitu gani kinachofanya nyumba ya wagonjwa kuwa nzuri, akaandika alichoona. Nataka kuwafuata watu hao tu. Habari ya hospitali zote ingetaka kitabu kinene.

Wazungu huziita nyumba hizo ospisi. Neno limetoka katika Kilatini, hospes, na ninyi mnaosoma Kilatini mwajua kwamba neno hilo lina maana mbili pamoja: mgeni, na yule anayempokea mgeni. Ndiyo hali ya mambo katika karne za kwanza. Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisaria katika Kapadokia, aliona njaa kubwa ya mwaka 369, na kisha miaka michache akajenga nje ya mji nyumba nyingi za maskini, wasafiri, wagonjwa na wenye ukoma. Mtakatifu Gregori wa Nazianzo, rafiki yake, aliziita mji mpya. Huko Roma, Fabiola, mwanamke tajiri aliyefariki mwaka 399, alifungua nyumba ya wagonjwa na kuwaosha vidonda kwa mikono yake mwenyewe; Mtakatifu Yeronimo ndiye aliyetuachia habari hiyo. Naye Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 36 ya Kanuni yake, aliweka utunzaji wa wagonjwa mbele ya kazi zote, tena akasema abate ndiye atakayejibu kosa lolote la watumishi juu ya wagonjwa. Tayari hapo pana kipimo kimoja: nani atajibu? Nyumba ambamo hakuna mtu mmoja wa kujibu, hata ikiwa na watumishi hamsini, haina mwenyewe.

Lakini pahali pa kwanza ambapo naona kipimo kimeandikwa kwa vitu vya kushikika ni Yerusalema. Wafrere wa Mtakatifu Yoane walikuwa na hospitali kubwa kule, na wagonjwa waliwaita mabwana zao. Maneno mazuri, kila shirika lina maneno mazuri. Mwaka 1182 mkubwa wao, Roger de Moulins, pamoja na baraza lake, akaandika sheria ya namna ya kufuata maneno hayo. Waganga wawe wane, wenye elimu. Vitanda viwe virefu na vipana kadiri inavyowezekana ili mtu apumzike vizuri, na kila kitanda kiwe na blanketi lake na shuka zake. Kila mgonjwa apewe vazi la ngozi ya kondoo na viatu vya kuvaa anapokwenda chooni, na kofia ya sufu. Watoto wachanga wanaozaliwa na mama wasafiri wawekewe vitanda vyao vidogo, wasije wakaumizwa katika kitanda cha mama.

Tusimame kidogo juu ya vile viatu. Mtu anayekaa ofisini haandiki sheria ya viatu vya kwenda chooni. Lazima mmoja wao alikuwa amelinda usiku, akamwona mgonjwa akishuka kitandani na kukanyaga jiwe baridi kwa miguu mitupu. Hospitali ile haikuwa ya wenye kufa tu, tena haikudumu mikononi mwao, maana miaka mitano baadaye, mwaka 1187, Saladin aliutwaa mji. Hata hivi, sheria ile yatufundisha kwamba ukitaka kuijua nyumba, uulize mambo ya usiku. Mchana nyumba zote zinafanana.

Huko Beaune, katika Ufaransa, nyumba aliyojenga Nicolas Rolin mwaka 1443 bado inasimama, ingawa leo ni pahali pa kutembelewa na wageni. Chumba kikubwa kina vitanda mistari miwili, na mwisho wake kuna kapela, ili mgonjwa afuate Misa bila kuondoka kitandani. Ni fikara nzuri ya padri na ya mjenzi. Lakini kitanda kimoja kililaza watu wawili, na mbele yao, siku za Dominika na sikukuu, ilifunguliwa picha kubwa ya hukumu ya mwisho, yenye watu wanaoanguka motoni. Wataalamu wa picha wanaisifu sana, na kwa haki. Mimi nafikiri juu ya mgonjwa wa kitanda cha mbele.

Sasa tufike kwa Mtakatifu Kamilo wa Lellis, maana huyu alijua jambo lenyewe kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1550 Bucchianico, nchini Italia. Alikuwa askari, mchezaji wa kamari, mtu wa magomvi. Kidonda cha mguu kilimpeleka hospitali ya San Giacomo huko Roma, na hakikupona: alikaa nacho zaidi ya miaka 40, mpaka kufa kwake mwaka 1614. Kwanza alifukuzwa katika hospitali ile kwa ajili ya tabia yake. Alirudi ameongoka, akawa mtumishi, mwisho akawa msimamizi wa nyumba nzima. Basi aliijua hospitali kwa njia tatu, kama mgonjwa, kama mtumishi na kama mkubwa. Kwa macho hayo aliona kwamba watumishi wa mshahara waliwaacha watu na kiu na uchafu, na wengine wakafa bila mtu kando yao. Mwaka 1582 alipata fikara ya kukusanya watu watakaotumikia bila mshahara, kwa mapendo. Mwaka 1584 akapata upadri. Mwaka 1586 Baba Mtakatifu Sixtus V akakubali shirika lake, na mwaka 1591 likawa shirika la watawa wenye nadhiri ya nne, ya kuwatumikia wagonjwa hata wakati wa tauni.

Katika kanuni alizoandika mwaka 1584, kipimo cha Kamilo ni mama. Kila mtu, asema, aombe neema ya kumtazama mgonjwa kwa moyo wa mama mwenye mtoto mmoja tu, naye ni mgonjwa. Mtu aweza kudhani kwamba haya ni maneno ya kusali tu. Lakini fikiri: mama hangoji mtoto aseme kwamba ana kiu. Mama anajua usiku ule mtoto aliamka mara ngapi. Mama haendi nyumbani saa ya kazi ikiisha. Na mama akidanganywa juu ya hali ya mtoto wake, atajua.

Kuna jambo lingine. Kamilo alifahamu kwamba katika hospitali za wakati wake watu wengine walifunikwa na kuchukuliwa kuzikwa wangali hai, kwa haraka ya kupata kitanda. Akawaamuru watu wake waendelee kusali kando ya mtu robo saa nzima kisha anapoonekana kukata roho, wala wasiruhusu uso wake ufunikwe upesi. Watu wa Roma waliwaita Mapadri wa kufa vizuri. Ile robo saa yanishangaza. Haiponyi mtu, haiandikwi katika hesabu yoyote, tena hakuna mkubwa atakayeiona. Nyumba inaitoa ao haiitoi.

Kwa karne mbili na zaidi baadaye sioni neno jipya kubwa juu ya swali letu. Neno ospisi, kwa maana ya nyumba ya watu wasiopona, lilipata nguvu katika karne ya 19. Huko Lyon, mwaka 1842, Jeanne Garnier, mjane aliyepoteza bwana wake na watoto wake wawili, aliwakusanya wajane wengine ili wawatunze wanawake wenye kansere ambao hakuna hospitali iliyowataka. Huko Dublin, mwaka 1879, Masista wa Mapendo wa Irlandi, shirika la Mama Mary Aikenhead, walifungua nyumba ya wenye kufa pale Harold's Cross, katika nyumba ambamo Mama huyo mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1858. Mwaka 1905 masista hao wakafungua nyumba nyingine katika mtaa wa maskini wa London, ndiyo St Joseph's ya Hackney.

Mwaka uleule wa 1905, mwezi wa pili, hapa kwetu Kasongo, alikufa Mwingereza mmoja aliyeitwa Joseph Dutton, mganga wa Liverpool, aliyekuja kuchungua ugonjwa wa usingizi katika nchi ya mfalme Leopold. Nayataja haya sababu kisha uchunguzi ule serikali ya Kongo ilianza kujenga lazareti, na hizo ndizo nyumba za kwanza za wagonjwa wasiopona ambazo babu zetu walizijua. Ile ya Ibembo, upande wa Uele, ilisikika mbali. Watu walipelekwa kwa nguvu, wakalindwa na askari wasitoroke, na dawa ya wakati ule, atoksili, ilipofusha macho ya wengi. Wazee waliziita nyumba za kufa, wala hawakukosea, maana waliokwenda kule hawakurudi. Masista na wafrere walitumika katika baadhi ya lazareti hizo kwa uhodari mkubwa, na wengine walikufa kule. Lakini nyumba yenyewe ilijengwa ili kuwalinda wazima. Kipimo chake kilikuwa hesabu ya waliokamatwa na kutengwa. Nyumba yaweza kuwa na watumishi watakatifu na kipimo kibaya, na hapo mgonjwa anaumia palepale.

Na sisi watu wa Eklezya tulikuwa na kipimo chetu. Katika hesabu za mwaka za misioni kulikuwa na mstari wa waliobatizwa katika hatari ya kufa. Siucheki mstari ule. Sakramenti ni sakramenti, na mmisionere aliyetembea siku mbili kumfikia mtu anayekufa hakutembea kwa ajili ya hesabu. Lakini mstari ule hausemi kama mgonjwa aliulizwa vizuri na kufahamu, wala kama yuko aliyempa maji, wala kama alikuwa akilia kwa maumivu wakati padri anasoma sala. Padri aliyefunga kitabu chake na kuondoka aliweza kuhesabu nyumba ile kuwa nzuri kabisa. Hatari hiyo haikuisha na wamisionere. Sisi tulioandaliwa katika seminari kubwa tunajua barabara masharti ya mpako. Ni wangapi wetu wanaojua mgonjwa yule amepata lini dawa yake ya mwisho?

Turudi St Joseph's, maana kule ndiko kipimo kilipobadilika. Mwaka 1958 aliingia kule mganga mwanamke, Cicely Saunders, si Mkatoliki bali Mwanglikani, mwenye umri wa miaka 40. Mbele ya kuwa mganga alikuwa mwuguzi, kisha mtumishi wa kusaidia jamaa za wagonjwa; kama Kamilo, aliijua hospitali kwa milango mitatu. Mwaka 1948 alikuwa amemtunza Myahudi mmoja wa Polandi, David Tasma, aliyekufa London mbali na jamaa zake zote. Mtu huyo alimwachia pauni 500, ziwe dirisha katika nyumba atakayoijenga. Dirisha lenyewe lilingoja karibu miaka 20.

Masista wa St Joseph's walikuwa watunzaji wazuri. Usafi ulikuwapo, sala ilikuwapo, mapendo yalikuwapo. Saunders mwenyewe alisema kwamba alijifunza mengi kwao. Kitu kilichokosekana kilikuwa hiki: dawa ya maumivu ilitolewa mgonjwa alipokuwa ameanza kuumia na kuomba. Basi mgonjwa akaumia, akaita, akangoja, akapata sindano, akalala, akaamka katika maumivu, akaita tena. Siku zake zote zilikuwa kuogopa saa inayokuja. Saunders alikuwa ameona katika nyumba nyingine ya London, St Luke's, wauguzi wakitoa morfini kwa kinywa, kwa saa zilizopangwa, mbele ya maumivu kurudi. Akaomba ruhusa kufanya vilevile kwa wagonjwa wachache. Masista wakaona tofauti, nao wakaendelea wenyewe.

Na aliandika. Jambo hili ndilo nalitaka lishikwe. Kwa kila mgonjwa alikuwa na karatasi: maumivu yako wapi, yamekuwa namna gani, dawa gani, saa ngapi, kumetokea nini. Alinasa hata sauti za wagonjwa kwa mashini, wakieleza wenyewe. Katika miaka ile saba alikusanya habari za wagonjwa zaidi ya 1,000, na karatasi hizo zikavunja hofu mbili za waganga: kwamba morfini itawafanya wagonjwa hawa kuwa watumwa wake, na kwamba kila siku itatakiwa kuongezwa mpaka isifae tena. Tena, kwa kuwasikiliza hivyo, alifahamu kwamba maumivu ya mwenye kufa ni ya mwili, na ya moyo, na ya jamaa, na ya roho, yote yamefungwa pamoja. Mwaka 1964 aliyaita maumivu kamili. Mwaka 1967 alifungua nyumba yake, St Christopher's, na lile dirisha la Tasma likawekwa. Alifariki mlemle mwaka 2005. Mwenye kujenga nyumba ya wenye kufa kisha akakubali kufa ndani yake ametoa ushuhuda ambao hakuna hesabu inayoupita.

Hapa mseminari mwangalifu atauliza: na mafundisho ya Eklezya? Mateso hayana faida? Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa kabla Saunders hajaingia Hackney. Tarehe 24 mwezi wa pili 1957, Baba Mtakatifu Pius XII aliwajibu waganga wa Italia waliomletea maswali matatu juu ya jambo hilo. Mkristu halazimiki kutaka maumivu kwa ajili ya maumivu. Ni halali kuyatuliza kwa dawa, hata kama yaonekana mbele kwamba dawa itafupisha maisha, mradi hakuna njia nyingine, na mgonjwa asizuiwe kutimiza yanayompasa. Wala tusimwondolee akili yake bila sababu kubwa. Katekismu ya mwaka 1992, katika namba 2279, imerudia fundisho hilo na kuiita kazi ya kutuliza maumivu ya wenye kufa namna bora ya mapendo yasiyotafuta faida. Kwa hiyo nyumba inayomwambia mgonjwa avumilie kwa ajili ya Yezu, wakati dawa ingepatikana, haifuati mafundisho. Mgonjwa aweza kumtolea Mungu mateso yake. Hakuna mtu mwingine mwenye ruhusa ya kuyatoa kwa niaba yake.

Mfano wa kusema haya bila woga tunao. Mwaka 1952 Mama Teresa alifungua nyumba ya wenye kufa Kalighat, katika mji wa Kalkuta, awapokee watu waliokuwa wakifa barabarani. Mwaka 1994 Robin Fox, mkubwa wa gazeti la waganga The Lancet, alikwenda kuitazama, akaandika alichoona. Alisifu usafi, alisifu utunzaji wa vidonda, alisifu wema wa masista. Lakini alisema pia kwamba hakuona uchunguzi wa kutosha wa kumtenga anayeweza kupona na asiyeweza, wala dawa kali za maumivu. Wakatoliki wengi walikasirika. Waganga wengine walimjibu katika gazeti lilelile kwamba katika Uhindi wa wakati ule sheria zilifanya morfini kuwa ngumu kupatikana hata katika hospitali kubwa, na jibu hilo lilikuwa la haki. Mama Teresa alitangazwa mtakatifu mwaka 2016. Mimi sioni shida kushika yote mawili: mama yule ni mtakatifu, na mganga yule aliona kweli. Utakatifu wa mwanzishi hautulizi maumivu ya mfupa. Na kama nyumba ya mtakatifu inaweza kupimwa, nyumba ya dayosezi yetu inaweza kupimwa vilevile, na mkubwa wake asidhani kwamba ametukanwa.

Watu wengine husema: hayo ni mambo ya Ulaya, ya nchi zenye feza. Ndipo nawaonyesha Uganda, jirani yetu. Mwaka 1993, Anne Merriman, mganga Mwingereza aliyewahi kuwa sista, alianza Kampala katika nyumba ya kuazimwa kwenye hospitali ya Nsambya, pamoja na watu wachache. Hakutafuta vitanda. Waafrika wengi wanataka kufia kwao, basi wauguzi walikwenda kwao. Morfini waliinunua unga, wakaichanganya na maji na dawa ya kuihifadhi, wakaitia katika chupa, na rangi ili nguvu ya kila moja ijulikane. Dawa hiyo ya kunywa haina bei kubwa. Shida ilikuwa sheria, maana mganga peke yake alikuwa na ruhusa ya kuiandika, na vijijini waganga hawapo. Mwaka 2004 Uganda ilibadili sheria, ikawapa ruhusa wauguzi waliofundishwa kazi hiyo. Nchi maskini ilifanya hivyo mbele ya nchi nyingi tajiri.

Kwa dunia nzima hali ni mbaya. Tume ya gazeti lilelile la The Lancet ilitangaza mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za morfini na dawa za jamaa yake zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Kongo ni mojawapo ya nchi hizo. Ninapoandika juu ya kuzipima nyumba zetu sisahau hesabu hiyo; hatuwezi kumhukumu sista kwa dawa ambayo haikupita mpakani. Lakini twaweza kumwuliza kama aliiomba.

Hao Waafrika wa kazi hiyo walitengeneza kipimo kinachotufaa sana, nacho ni kifupi: maswali kumi. Saba ni ya mgonjwa, matatu ni ya jamaa anayemtunza, na kila moja hujibiwa kwa tarakimu, toka 0 mpaka 5, hata kwa vidole vya mkono kwa asiyejua kusoma. Mgonjwa anaulizwa juu ya maumivu yake, na juu ya taabu nyingine za mwili. Kama anahangaika kwa ajili ya ugonjwa. Kama anaweza kusema yaliyo moyoni kwa jamaa. Kama anaona maisha yana maana bado. Kama ana amani. Kama jamaa yake imepata shauri la siku zijazo. Jamaa wanaulizwa kama wameelezwa mambo, kama wanaweza kumtunza bila kuogopa, kama wana wasiwasi. Kisha majuma machache wanaulizwa tena, na tofauti inaonekana. Kwetu husemwa kwamba mgonjwa haulizwi uji, maana yake apewe tu. Kwa uji ni kweli. Kwa mengine yote, hao wametufundisha kwamba aulizwe, maana hakuna mwingine anayejua.

Angalieni pia kwamba swali la amani na lile la maana ya maisha ni maswali ya kazi yetu sisi, na yamewekwa na waganga ndani ya kipimo chao. Ni mara ngapi sisi tumeweka swali la maumivu ndani ya kipimo chetu?

Basi, jamaa wakija kuuliza, padri ao katekista aende kwanza kuona. Asiende saa nne ya asubuhi wakati sakafu imetoka kusafishwa. Aende jioni, ao usiku akiweza. Aulize nani analinda usiku, na kama ni mtu mmoja kwa wagonjwa wangapi. Aombe kwa adabu kuambiwa dawa za maumivu hutolewa kwa saa ao kwa kuomba, na zikiisha wanafanya nini. Akae kando ya mgonjwa mmoja bila kusali kwanza, amsikilize. Amtazame mke ao dada anayelala chini ya kitanda, kama wauguzi wanamfundisha namna ya kumgeuza mgonjwa na kumwosha kinywa, ao wanamruka tu kama mzigo. Kama mgonjwa ni Mwislamu, ao Mprotestanti, ao Mkimbangisti, aulize kama mtu wa dini yake anaweza kuingia bila kusumbuliwa.

Aulize vilevile ni wakati gani nyumba ile inamwita padri. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulisema kwamba mpako ni wa wagonjwa, wala haungoji dakika ya mwisho, na utaratibu mpya wa mwaka 1972 umefuata neno hilo. Nyumba inayopiga simu kwa padri mgonjwa akiwa hasikii tena, inafanya hivyo pengine kwa sababu ya kuogopa kumwambia ukweli. Na kama inaogopa kumwambia ukweli juu ya mpako, labda haijamwambia ukweli juu ya ugonjwa.

Kuna swali moja la mwisho, ambalo jamaa hawathubutu kuuliza na padri lazima aulize kwa niaba yao: mtu akifa na deni, mnafanya nini na mwili wake? Wote tunajua kwamba katika miji yetu kuna hospitali zinazozuia maiti mpaka feza zipatikane, na jamaa wanakaa siku tatu nje ya ukuta, wanachanga, wanakopa, mama analia mlangoni. Aulize swali hilo mbele ya mgonjwa kuingia, apate jibu wazi, na awapelekee jamaa jibu hilo jinsi lilivyo, kusudi wafanye shauri lao kabla baba hajapanda gari.